Fundi Ambaye Hakufika Chini

Saa moja na robo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya mihogo ya Heru Juu, Nicodemus alivua kofia yake ngumu, akaibana kwapani, akaanza kulizunguka jukwaa la zahanati. Lilikuwa jukwaa la mirunda kumi na sita ya mkaratusi, iliyofungwa kwa kamba za katani na, pale kamba zilipoisha, kwa vipande vya mpira wa tairi. Juu yake zililazwa mbao mbili tu, ambazo mafundi walizihamisha kila walipohama wao.

Alishika kila mrunda kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akauombea usivunjike. Mirunda kumi na sita, maombi kumi na sita. Mafundi saba walimfuata nyuma wakigusa pale alipogusa, wengine wakipiga miayo. Walipomaliza kuitikia amina, Nicodemus alikaa juu ya mfuko wa saruji, akafungua faili na kulitafuta swali la nne: Je, jukwaa limekaguliwa leo kabla ya kazi kuanza? Akaandika Ndiyo, kwa herufi kubwa za duara za mtu aliyejifunza kuandika akiwa na miaka arobaini na sita.

Hakuwa anadanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kukagua ni kitu kingine. Siku mkandarasi wao, Moses, alipomkabidhi faili na kofia nyeupe, alimwambia, "Wewe unasoma madarasa ya jioni, halafu ni mtu wa Mungu. Usalama ni wako." Pamoja na faili kulikuwa na kijitabu cha kurasa thelathini, ambacho mama wa chai alikichukua siku ya pili akawa anashikia sufuria ya moto.

Aliyejua paa kweli pale alikuwa Manirambona. Alijifunza kupaua kwa baba yake, kambini, walipokuwa bado wakimbizi, na akaendelea kupaua walipokuwa raia. Mara mbili alimwambia Nicodemus kwamba mrunda wa tatu kutoka pembeni umeliwa na mchwa.

"Ukiugonga unaitika kama ngoma, kaka."

"Nimekusikia," Nicodemus alisema, na kuanzia siku hiyo mrunda wa tatu ukawa unaombewa mara mbili.

Jumatano ya wiki ya sita, saa nne kasoro, Manirambona alipanda kupigilia bati la mwisho upande wa wodi ya wazazi. Mrunda wa tatu ukavunjika. Mbao zikaenda, kopo la misumari likaenda, nyundo ikaenda, na Manirambona akaenda. Mbao zikafika chini. Misumari ikafika na kutawanyika. Nyundo ikafika. Manirambona hakufika. Alisimama hewani, katikati ya paa na ardhi, chali, mkono mmoja umenyooka na magoti yamekunjika kidogo, kama mtu aliyevutiwa kiti anachokikalia.

Mafundi waliacha kazi wakasogea.

"Nyundo iko wapi?" Manirambona aliuliza.

"Iko hapa chini."

"Iokoteni. Ile ni ya marehemu baba."

Wakaiokota. Kisha wakaegemeza ngazi ukutani, karibu naye, wakamzungusha mpaka mguu wake wa kushoto ukakuta kipago. Alipojaribu kuuhamishia kipago cha chini yake, aliporomoka urefu ule wa kipago kimoja kwa kasi yote ya mtu anayeanguka, na mfupa wa muundi ukalia. Kipago nacho kilivunjika. Akabaki pale pale hewani, ametoka jasho. Chini yake vilikuwa vimebaki vipago saba. Hakuna aliyependekeza waendelee.

Lakini waligundua kwamba kwenda juu hakuna shida. Mmoja wao alimsukuma mgongoni kwa mti, akapanda kirahisi kama bati linaloinuliwa na upepo, akatulia walipomwachia.

"Basi imeeleweka," Manirambona alisema baada ya kufikiri. "Huku nilipo niko katikati ya kuanguka, siwezi kushuka bila kumalizia. Nirudisheni pale juu nilipoanzia kuanguka. Wekeni jukwaa zima, nilikanyage, kisha nitashuka kwa ngazi kama mtu yeyote."

Yalikuwa maelezo ya fundi, na hakuna aliyekuwa na mengine.

Moses alifika saa nane kutoka Kasulu mjini. Aliegesha gari, akatazama juu, akavua kofia. Aliomba kwa sauti, dakika nyingi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alipomaliza akaomba faili.

"Swali la tisa," alimwambia Nicodemus. "Kuna mfanyakazi ameanguka? Andika Hapana."

"Bosi, si unamwona?"

"Namwona yuko juu. Aliyeanguka anakuwa chini. Yuko chini?"

"Hayuko chini."

"Basi." Moses alimshika bega. "Sikiliza, mtumishi. Ukiandika ameanguka, kesho wanafunga saiti. Hawa wote wanarudi nyumbani, mvua inaingia, na akina mama wa hapa wanaendelea kujifungulia juu ya pikipiki wakipelekwa mjini. Mungu kamshika mwenzetu. Sisi tumwandikie Mungu ripoti mbaya? Acha tumalizie paa, jukwaa lake nitalijenga mimi mwenyewe."

Nicodemus aliandika Hapana. Herufi zilitoka nzuri kuliko siku nyingine zote, na alilitambua hilo, likamkaa vibaya rohoni.

Paa lilimalizika kwa siku tisa. Mrunda wa tatu ulibadilishwa. Mingine kumi na mitano ilibaki ile ile, na Manirambona hakukubali kulikanyaga jukwaa lake. Siku ya kumi jukwaa lote lilifunguliwa na kupakiwa kwenye lori kwenda Kibondo, ambako Moses alikuwa ameshaanza ukumbi. Lori lilipita karibu na miguu ya Manirambona.

"Mrunda wa sita nao umeliwa!" alimwambia dereva.

"Nitawaambia," dereva alijibu.

Mke wa Manirambona, Nadine, alikuja kila jioni akitoka shamba. Alifunga kikapu cha ugali na maharage kwenye mpini mrefu, akamwinulia mumewe, akasubiri amalize. Muuguzi alikuwa ameufunga ule mguu vijiti viwili, akiwa juu ya meza iliyowekwa juu ya meza nyingine. Ulipona vizuri, ila mfupi kidogo.

"Mwiriwe, shemeji mkaguzi," Nadine alimsalimu Nicodemus kwa Kirundi kila alipomkuta. "Leo umemkagua? Hajaota majani?"

"Shemeji, nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Si mmeandika hapa hakuna mtu? Mimi nimekuja kulisha hewa."

Manirambona alikuwa akicheka akiwa na tonge mdomoni, na Nadine alikuwa akimgombeza asipaliwe.

Nicodemus alimfuata mama wa chai, akamwomba kile kijitabu. Jalada lilikuwa na duara jeusi la sufuria. Akakipeleka darasani, na mwalimu wao wa jioni, Esteri, akakubali wakisome baada ya hesabu, kurasa tano kila kipindi. Walisoma kwa vipindi sita. Kijitabu kilisema mguu wa mrunda ufukuliwe na kuchomwa kisu ili kuona kama una mchwa. Kilisema fundo livutwe. Kilisema mbao zijae upana wote, pawe na uzio wa kufika kiunoni, na miti ya mshazari ili jukwaa lisiyumbe. Kilisema anayekagua awe mtu aliyefundishwa. Nicodemus alifuata kila mstari kwa kidole mpaka ukurasa wa mwisho. Alichokuwa akikifanya kila asubuhi kwa wiki sita hakikuwemo.

Siku hiyo alipiga magoti muda mrefu. Alipoinuka alikwenda kutafuta mirunda.

Aliomba kwa washirika wa kanisa, nyumba kwa nyumba, mpaka Rungwe Mpya. Alipewa ishirini na tatu. Aliichoma kisu yote, akakataa mitatu, mmojawapo wa mchungaji, ambaye alinuna wiki nzima. Mafundi wawili walikubali kumsaidia baada ya kazi zao. Waliochimba mashimo ni wao, lakini aliyejenga ni Manirambona, kwa mdomo, akiwa hewani.

"Hapo kaza. Kaza, wewe, unafunga mbuzi? Haya. Mshazari uanzie chini kabisa. Kaka, shika pale, yumbisha. Tena. Unasikia? Haliitiki."

Ilichukua majuma mawili. Lilipokamilika lilizunguka kona nzima ya wodi ya wazazi, likapita pembeni mwa Manirambona na kufika usawa wa paa, na mbao zake zilijaa kiasi kwamba punje ya haragwe isingepata pa kupenya.

"Hili," Manirambona alisema, akiligusa kwa vidole, "ningelala juu yake na watoto."

Ilikuwa Ijumaa. Nadine alitaka mumewe asukumwe juu jioni ile ile. Nicodemus alisema wasubiri mpaka Jumatatu, kwa sababu ukurasa wa ishirini na mbili unakataza mtu kukanyaga jukwaa kabla halijapitishwa, na yeye ameshapeleka barua ya kuomba ukaguzi.

"Shemeji, mguu wa mume wangu ulivunjika kwenye lililopitishwa."

"Ndiyo maana safari hii tufuate sawasawa."

Jumatatu saa tatu mkaguzi wa wilaya alifika na mgambo wawili. Aliitwa Loyce, injinia kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, mpole, mwenye viatu vya wazi visivyofaa kupanda. Alizunguka jukwaa lote akiwa chini, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kwa kweli tangu nihamie huku sijaona jukwaa kama hili. Mpaka uzio! Nani kalijenga, mzee wangu?"

"Mimi na wenzangu. Kwa kuelekezwa na fundi."

"Na cheti cha umahiri ni cha nani kati yenu?"

"Hatuna cheti, injinia. Tuna kijitabu."

Loyce aliacha kuandika. "Mzee, bila cheti siwezi."

"Lile la kwanza lilipita, na lilikuwa limeoza."

"Lile lilikuwa na karatasi." Alifungua faili lake akamwonyesha. Ndani mlikuwa na nakala ya cheti cha mtu wa Buhigwe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona Heru Juu, na nyuma yake zile fomu zote, majibu kwa mwandiko wa Nicodemus, saini kwa jina la mtu wa Buhigwe. "Halafu hata sababu siioni. Jengo limekwisha. Jukwaa la nini?"

"La kumshusha fundi."

"Fundi yupi?"

Nicodemus alionyesha juu. Loyce alitazama.

"Habari za kazi, mama," Manirambona alisema.

"Nzuri, kaka. Pole na majukumu." Loyce alirudi kwenye karatasi, akafuata kwa kalamu mpaka swali la tisa. "Hapa panasema hakuna aliyeanguka."

"Niliandika mimi."

"Basi mzee wangu unafahamu mwenyewe." Alilifunga faili taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Ningekuwa na mamlaka ningekusaidia, kweli tena. Lakini jukwaa lisilo na mwenye cheti ni hatari kwa wananchi. Lifunguliwe leo."

Mgambo walisogea. Nadine alikuwa ameshaokota mti mrefu. Aliutia chini ya mgongo wa mumewe akaanza kumsukuma juu. Manirambona alipanda dhiraa moja, akapanda ya pili. Alinyoosha mkono, vidole vikafika kwenye mbao.

"Shemeji!" Nadine alimwita Nicodemus. "Shika huku! Mti mzito, njoo tusukume!"

Nicodemus alisimama na kijitabu mkononi, kidole kikiwa ukurasa wa ishirini na mbili. Alikuwa amechelewa kujua kusoma, na kwake kilichoandikwa bado kilikuwa kimeandikwa. Alitaka kwenda. Alijiona akienda. Miguu ilisubiri ruhusa, na ruhusa haikuwemo kwenye ukurasa.

Mgambo mmoja alimnyang'anya Nadine mti, bila ubaya, akimwita mama. Manirambona aliachia mbao, maana hapakuwa na wa kumshikilia, akabaki pale aliposukumwa, juu kidogo kuliko mwanzo.

Kufungua jukwaa kulichukua mpaka saa kumi na moja. Mafundo yalikuwa imara mno. Mgambo walilalamika kwamba hawajawahi kukutana na mafundo ya namna hiyo, na fundo la mwisho wakalikata kwa panga.

Nadine alikusanya kikapu chake. Hakumtania Nicodemus siku hiyo, wala siku zilizofuata. Alimsalimu kama watu wanavyosalimiana sokoni.

Zahanati ilifunguliwa mwezi wa tisa. Upande mmoja wa mlango hapakuwa na nguzo ya kufungia utepe, kwa hiyo mtu alipanda ngazi akaufunga kwenye kifundo cha mguu wa Manirambona, ule mzima. Alikubali. Mgeni rasmi alimpongeza mkandarasi kwa kujenga bila ajali hata moja na kuomba makofi. Kabla ya hotuba Manirambona alikuwa ameombwa asikohoe, na hakukohoa.

Baada ya hapo watu walizoea. Walimwita Fundi, wakampa habari za mjini. Akina mama waliogundua kwamba kuanzia saa nne mwili wake unatupa kivuli kizuri walileta benchi chini yake, wakawa wanasubiria hapo kupima watoto. Aliwajua watoto wote kwa utosi.

Mwezi wa kumi Moses alimpigia Nicodemus simu kutoka Kibondo. Ukumbi ulikuwa umefika kwenye kenchi za paa.

"Njoo, mtumishi. Mbao nimeacha kununua, za nini? Heru Juu mtu ameteleza na hakufika chini. Maombi yenu yana nguvu, tusimpunguzie Mungu utukufu kwa mbao."

Nicodemus alikwenda, akiwa na kisu. Alifika saa moja asubuhi, mafundi wakiwa wanakunywa uji. Ilikuwa mirunda ile ile. Aliitambua kwa vipande vya tairi. Hakuvua kofia. Alifukua mguu wa kila mmoja, akachoma kisu. Katika kumi na sita, kumi na mmoja iliingiwa na kisu mpaka kwenye mpini.

"Sikukuitia kisu," Moses alisema.

"Bosi, hili likipandwa leo, watu watakufa."

"Huyo wa Heru Juu amekufa? Jana mkewe kanipigia kuniomba mahindi."

Nicodemus alikaa chini, akafungua faili, akalitafuta swali la nne, akaandika Hapana. Alilikoleza mara mbili. Moses aliusoma ukurasa, akauchana, akaukunja vizuri na kuutia mfukoni. Kisha akampa kalamu fundi rangi aliyekuwa karibu. Fundi rangi aliuliza aandike nini, akaambiwa, akaandika.

"Pandeni, vijana."

Nicodemus alisimama mbele ya ngazi. Aliwaambia kwa majina, mmoja mmoja, kwamba mirunda imeoza. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja alimwambia, "Mzee, nyumbani watoto wanasubiri," akampita pembeni, na wengine wakafuata. Walipokuwa wote juu, wakitembea kwa miguu mitupu kwenye papi, zile fito za paa, zilizolazwa mahali pa mbao, mirunda ilianza kulia polepole.

Alitazama kisu, akakitia mfukoni. Alitazama barabara ya kurudi Kasulu. Kisha akavua kofia, akaibana kwapani, akaushika mrunda wa kwanza kwa mkono wa kulia. Alijua sasa kwamba huku si kukagua. Lakini watu walikuwa wameshapanda, na hakuwa na kitu kingine. Aliomba mrunda kwa mrunda, na ilipofika saa nne, na mtu wa kwanza alipoteleza, hakufika chini.

Nicodemus alibaki Kibondo mpaka paa lilipokamilika. Aliporudi ilikuwa mvua zimeanza. Alipitia zahanati siku ya kliniki, saa tano, jua likiwa limetoka kidogo. Alikuta Nadine amemfungia mumewe mwavuli begani, na akina mama wako kwenye benchi lao. Nicodemus aliichukua nyundo ya fundi kutoka mahali ilipohifadhiwa, nyuma ya mlango wa dawa, akaipaka mafuta ya kula ili isishike kutu, kama alivyofanya kila juma kabla ya safari.

"Za Kibondo?" Manirambona aliuliza.

"Wako watatu."

"Hewani?"

"Hewani. Moses amepewa kazi nyingine, shule."

"Na fomu?"

"Swali la tisa, Hapana."

Manirambona alitazama paa alilopaua mwenyewe, ambalo halikuvuja popote. "Na wewe bado unawaombea?"

"Kila asubuhi."

"Ungeacha, kaka. Wangeona jukwaa lilivyo."

"Nikiacha watafika chini."

Nicodemus alisubiri, nyundo mkononi. Jua lilikuwa limesogea, na akina mama waliinuka bila kukatiza mazungumzo yao, wakalisogeza benchi hatua mbili kukifuata kivuli.